Trauti wa Nyandarua: Mgeni Aliyepanda Mlima Vichwani mwa Wapagazi

Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, mto Gura ulishuka kutoka Milima ya Nyandarua bila trauti hata mmoja. Maji yake ni ya baridi ya kutia miguu ganzi, na Wakikuyu wa mabonde yale, ambao kwa desturi hawakuwa walaji wa samaki, hawakuona pengo lolote. Aliyeliona ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, kisha akawa mlowezi mwenye ardhi na sauti kubwa. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti.

Mbinu ya kusafirisha mayai hayo ilikuwa imeshajaribiwa. Mwaka 1864 mayai ya trauti yaliyosafirishwa kwa meli ya Norfolk yalifika Tasmania yakiwa yamepozwa kwa barafu, na mwaka 1890 mengine yakafika Natal. Siri iko kwenye baridi: katika maji ya nyuzi 10 yai la trauti wa kahawia huanguliwa baada ya wiki sita hivi, lakini likikaa karibu na barafu hukawia kwa miezi.

Kutoka Mombasa reli ilisaidia. Baada ya reli palikuwa na wapagazi, na mzigo huu haukuwavumilia kama gunia la mahindi. Jua likiyeyusha barafu mayai yanakufa. Mtu akijikwaa kwenye utelezi wa msituni, vivyo hivyo. Simulizi za wavuvi humtaja Grogan kwa jina na cheo. Waliobeba hubaki wapagazi tu, ingawa bila shingo zao mayai yasingefika Gura.

Trauti wa upinde wa mvua akafuata mwaka 1910, kutoka Afrika Kusini. Mito ya Nyandarua na Mlima Kenya ikajazwa mmoja baada ya mwingine: Chania, Mathioya, Sagana, Thiba. Hata vijiziwa vya juu mlimani vilipandikizwa samaki, na Ziwa Ellis, lililo zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, bado huwavuta wavuvi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Mchezo wa kuvua trauti ukawa na leseni zake, vilabu vyake na wenyewe, na mwenyeji wa bonde alionekana mtoni zaidi kama mbeba vifaa kuliko mvuvi.

Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Sagana Lodge, kando ya mto huohuo wa Sagana, jumba alilopewa na koloni kama zawadi ya harusi, alipopata habari kuwa baba yake amefariki. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa. Misitu ambamo mito ya trauti huanzia ikawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, ikapigwa mabomu, na mtu aliyeonekana humo bila ruhusa aliweza kupigwa risasi.

Kuna kazi moja iliyozaliwa na mchezo wa kuvua trauti ambayo haikubaki mikononi mwa walowezi: kufunga inzi bandia, yaani chambo cha kumnasia samaki huyo. Ndoano ndogo kama punje ya mchele hubanwa kwenye jiliwa, uzi mwembamba ukazungushwa shingoni mwake, kisha unyoya wa jogoo ukaviringishwa hadi vinyweleo vyake vikasimama kama miguu ya mdudu. Tone la gundi, uzi unakatwa, mwingine unaanza. Kenya imekuwa muuzaji mkubwa wa inzi hawa Uingereza, na mafundi wake hufunga kwa dazeni mitindo iliyobuniwa kwa ajili ya mito ambayo wengi wao hawajawahi kuiona.

Trauti mwenyewe naye amebadilisha wateja. Wakulima wa maeneo ya Nyeri na Nanyuki hufuga wa upinde wa mvua kwenye mabwawa yanayolishwa na maji ya mlimani, kwa kuwa samaki huyu hudhoofika joto la maji likipanda kupita nyuzi 20. Wanaomla hotelini, akiwa amechomwa mzima na kukamuliwa limau, wengi hawajawahi kushika ufito wa kuvulia, wala hawana haja nao.