Nidhamu ya abiria kwenye meli za kitalii

Nidhamu ya abiria kwenye meli za kitalii ni utaratibu wa kusimamia mwenendo wa watu wanaosafiri baharini kwa starehe. Msingi wake ni masharti ya tiketi, ambayo abiria huyakubali anapolipa nauli, pamoja na mamlaka ya nahodha juu ya usalama wa chombo. Kwenye bahari kuu hutawala sheria ya nchi ilikosajiliwa meli, mara nyingi Bahama, Panama au Malta.

Makosa mengi ni madogo. Mwaka 2013 kampuni ya Carnival ilianza kuwadhibiti wanaohodhi viti vya kando ya bwawa: mhudumu hubandika kwenye kiti kisicho na mtu karatasi yenye saa, na zikipita dakika 40, taulo na vitu vilivyoachwa huondolewa. Ugomvi ni kazi ya walinzi wa meli, wanaoweza kumfungia mtu chumbani mwake hadi bandarini. Februari 2018, watu 23 waliteremshwa kutoka Carnival Legend huko Eden, Australia, baada ya mapigano ya siku kadhaa. Anayeteremshwa kwa kawaida hujigharimia safari ya kurudi kwao.

Sheria ya Marekani ya 2010 huzitaka meli zinazotumia bandari zake kuripoti uhalifu mkubwa kwa FBI, kinga muhimu kwa waathirika walio mbali na kituo chochote cha polisi.