Shaba ilipita Namuwongo, asidi ikabaki Kasese

Ile reli tunayoiruka kila siku hapa Namuwongo zamani ilibeba shaba. Mwaka 1956 reli ya magharibi ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikawa inapitia Kampala kwenda kuyeyushwa Jinja. Kufika 1982 uchimbaji ulisimama. Shaba ilienda zake, lakini Kasese kulibaki rundo la piriti, karibu tani milioni 1.

Piriti ni chuma na salfa. Ikipata maji ya mvua na hewa inazaa asidi ya salfuriki. Rundo lilikaa wazi miaka na miaka, mvua ikalisomba mpaka ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, na pale lilipopita majani yakafa.

Sasa lile somo la kemia. Molekuli moja ya asidi hii inatoa hidrojeni mbili, ya hidrokloriki inatoa moja tu. Kwa hiyo kuua ukali wake kwa kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, unahitaji molekuli mbili za soda kwa moja ya asidi. (Wengi wetu tulikosa swali hilo kwenye mtihani, tusidanganyane.) Kwa chokaa, molekuli moja inatosha, juu alkali yake imebeba sehemu mbili.

Kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kilitumia bakteria kutoa kobalti kwenye lile rundo, na mawe ya chokaa kuua asidi. Piriti nyingine ilikuwa imeshasombwa kabla kiwanda hakijajengwa.