Q Isiyo na U: Maneno Yetu Katika Orodha ya Waingereza

Mwanafunzi akiambiwa atafute maneno ya Kiingereza yenye herufi q, hatapata shida: queen, quick, question, na mengine mengi. Akiambiwa atafute yale ambayo q haifuatwi na u, atakwama. Wanaolijua zaidi swali hili ni wachezaji wa Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni, kwa sababu q ina alama 10 na mwenye q asiye na u huweza kubaki nayo mkononi mpaka mwisho. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba orodha ya maneno hayo ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kuusoma kwa wepesi kuliko Mwingereza mwenyewe.

Nianze na huo urafiki wa q na u. Kiingereza cha kale hakikuuhitaji. Neno la malkia liliandikwa cwen. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, makarani waliozoea Kilatini na Kifaransa waliingiza qu polepole mahali pa cw, na desturi ikakaa. Sisi wa Burundi tuliofundishwa Kifaransa tangu utotoni hatuishangai, ingawa Kifaransa chenyewe kina cinq na coq, ambamo q imesimama peke yake mwishoni.

Sasa tazama maneno yaliyokiuka desturi hiyo. Katika kamusi ya Collins inayotumiwa kwenye mashindano ya kimataifa ya mchezo huo yamo qadi, faqir, suq, waqf, talaq, qibla. Mwingereza huyakariri kama namba za simu. Mimi niliposoma orodha hiyo kwa sauti niliwasikia kadhi, fakiri, soko, wakfu, talaka na kibla. Yapo pia ya asili nyingine, kama qi la Kichina, lakini sehemu kubwa ya orodha imetoka Kiarabu, lugha iliyotukopesha sisi pia.

Kiarabu kina sauti mbili ambazo sikio la mgeni huzichanganya: kafu, inayotamkwa mbele, na qafu, inayotoka nyuma kabisa ya ulimi. Kwa Mwarabu tofauti hiyo si jambo dogo, kwani qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Waingereza wa zamani hawakuijali. Waliandika cadi, fakir na souk, kila mtu alivyosikia. Herufi q ilipata nguvu wasomi wa lugha za mashariki walipotaka kuonyesha kwa herufi za Kirumi kila herufi ya Kiarabu bila kuzichanganya. Ndiyo maana kamusi ileile ina cadi, kadi na qadi, na hata kazi, lenye maana hiyohiyo ya kadhi. (Mswahili anayeliweka kazi ubaoni akidhani anaandika juu ya ajira atapewa alama zake vilevile.)

Kiswahili kilikwenda njia ya kinyume. Kilipoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama katika tenzi za Pate na Lamu, mwandishi alikuwa na herufi zote mbili. Kilipohamia herufi za Kirumi katika karne ya 19, na kisha kusanifishwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, q haikupewa nafasi. Kalamu ina asili ya qafu na kitabu kina asili ya kafu, lakini leo vyote vinaanza na k. Vivyo hivyo rafiki, wakati, haki, dakika, sanduku, karafuu: nyuma ya kila k hapo kuna qafu iliyonyamaza.

Nimewahi kusikia ikisemwa darasani kuwa alfabeti isiyo na q wala x ni alfabeti pungufu. Sikubali. Tahajia hufuata matamshi ya wasemaji wengi, na wengi wao hawakutofautisha sauti hizo. Pale palipohitajika tofauti, lugha ilitumia irabu: kalbi ni moyo, kelbu ni mbwa. Naona kilichopotea ni kumbukumbu ya asili ya neno, si uwezo wa kusema jambo. Na waandishi wengi Waislamu bado wanaandika Qur'ani kwa q, kwa heshima ya matamshi ya asili.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki kimefuata Kiswahili hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazungumzia mahakama za kadhi, na katika nakala yake ya Kiingereza neno limeandikwa Kadhi, kwa k na dh, si qadi. Sheria ya zamani ya nchi hiyo kuhusu wakfu nayo iliandika Wakf. Kadhi wa pwani alijulikana kwa jina lake la Kiswahili kabla mwanasheria wa Kiingereza hajafika kuliandika.

Swali hili linatuhusu sisi wa Kigobe kwa namna ya pekee. Bunge letu hukutana hapa mtaani, na ndilo lililopitisha mwaka 2014 sheria iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Burundi, miaka saba baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ilitaja Kiingereza tu. Haikusema ni kile cha kamusi ya London au kile cha majirani tunaofanya nao biashara na kesi. Jirani yangu wa kidato cha mwisho, anayejifunza maneno ya q kwa ajili ya mchezo, ameandika qadi kwenye daftari lake. Nimemwomba aandike kando yake Kadhi, na aonyeshe neno hilo limetoka sheria ya nchi gani.