Injini ya lori ikinywa maji: ifumuliwe au ibadilishwe?

MVUA kubwa, kama zile zilizonyesha jijini Dar es Salaam Desemba 2011, hufurisha bonde la Msimbazi na kuyanasa magari katika eneo la Jangwani. Maji yanapokupwa, mwenye lori hubaki na swali zito: injini iliyokunywa maji isafishwe tu, ifumuliwe yote, au inunuliwe nyingine?

Wengi hulijibu swali hilo kwa haraka, ama kwa hofu ya gharama ama kwa shinikizo la mzigo unaosubiriwa. Ukweli ni kwamba jibu hutegemea zaidi jambo moja: je, injini ilikuwa ikizunguka maji yalipoingia, au ilikuwa imezimwa?

Hewa hubanika, maji hayabaniki. Chukua mfano wa injini ya dizeli ya lita 12 yenye silinda sita. Kila silinda ina ujazo wa lita mbili. Ikiwa hewa hubanwa mara 17, nafasi inayobaki pistoni inapofika juu ni takriban mililita 125, yaani chini ya nusu ya chupa ya soda. Maji yakizidi kiasi hicho, pistoni haina pa kwenda. Kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki shafti. Wakati mwingine konrodi hukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kufumua.

Kwa sababu hiyo, kosa kubwa kuliko yote ni dereva kupiga stata ili kujaribu. Injini iliyozama ikiwa imezimwa mara nyingi huokolewa kwa kusafishwa. Stata moja inaweza kuigeuza kuwa chuma chakavu.

Hatua za kwanza

Tenganisha nyaya za betri. Vuta kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya maziwa, au iliyopanda juu ya alama, imechanganyika na maji. Kisha legeza taratibu nati ya kumwagia oili. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hutuama chini, ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Kagua pia chujio la hewa. Malori mengi huvuta hewa kupitia bomba lililo juu, nyuma ya kabini, hivyo kuzama kwa magurudumu pekee si ushahidi kwamba silinda zimeingia maji. Chujio likiwa limelowa, fundi afungue nozeli zote na kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana, ili maji yatoke. Tangi la dizeli na vichujio vyake navyo visafishwe, kwani maji huharibu pampu na nozeli.

Kazi hiyo haingoji. Kutu huanza kushika kuta za silinda na ringi za pistoni ndani ya siku chache. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, huharibu haraka zaidi.

Kupima kabla ya kuamua

Injini ikizunguka kwa ulaini, ipimwe mgandamizo wa kila silinda. Silinda iliyo chini ya wenzake inatiliwa shaka. Hapo silinda hedi ifunguliwe na kila pistoni ipimwe inapofika juu kabisa. Inayobaki chini kuliko nyingine huashiria konrodi iliyopinda. Injini ya namna hiyo inaweza kuwaka na kwenda safari kadhaa, kisha ikavunjika barabarani ikiwa na mzigo.

Vipimo vikiwa sawa, badilisha oili na vichujio, iwashe kwa muda mfupi, kisha badilisha oili tena. Konrodi ikiwa imepinda lakini bloku na krenki shafti ni nzima, kufumua kuna maana. Bloku ikiwa imepasuka, au krenki shafti haichongeki tena, ni afadhali kutafuta injini nyingine.

Mwenye lori aandike hesabu tatu kando kwa kando: gharama ya vipuri na kuchonga, bei ya injini iliyotumika pamoja na kuifunga, na mapato yanayopotea kila siku lori likiwa gereji. Injini ya mtumba nayo ina historia isiyojulikana. Aidha, namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayo hayana budi kufikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kabla fundi hajafungua chochote. Bima ya mtu wa tatu hailipii uharibifu wa gari lake mwenyewe.

Fundi anayetaja bei ya kufumua kabla ya kupima chochote hajaiona hali ya injini. Vipimo vitangulie, fedha zifuate.