Matumbawe katika Chombo cha Kioo

Wengi wetu tunaokaa ndani ya Kongo, mbali na bahari, hatujaona tumbawe likiwa hai. Tukilijua, twalijua kama jiwe jeupe tu. Huko Unguja na Lamu watu walijenga nyumba na misikiti kwa mawe hayo, tena waliyachoma wapate chokaa. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba jiwe hilo ni kazi ya mnyama, hucheka.

Lakini ndivyo ilivyo, msomaji mpenzi. Tumbawe ni ukoo wa wanyama wadogo sana, kila mmoja ana mdomo mmoja uliozungukwa na vikono laini. Wanyama hao huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, wakajijengea nyumba ya jiwe. Wakifa, wengine hujenga juu yao. Hivyo polepole hutokea miamba mikubwa yenye kulisha samaki na kuzuia mawimbi yasibomoe pwani.

Leo nataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kumfuga mnyama huyo katika chombo cha kioo, mahali ambapo maji ya bahari hayaingii wala hayatoki. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100.

Mwanzo mgumu

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya vyombo vya kioo, watu wapate kutazama samaki na wanyama wa maji. Watu walifurahi mno, na miji mingine ya Ulaya ikafuata. Lakini matumbawe ya bahari za joto yalikuwa taabu. Yaliletwa kwa gharama, yakaishi muda mfupi, yakafa. Kwa nini? Kwa sababu watu hawakujua mnyama huyo anaishi kwa nini.

Siri ya kwanza: nuru

Katika miaka 1928 na 1929 wataalamu Waingereza, wakiongozwa na Maurice Yonge, walikaa kwenye visiwa vya Low Isles huko Australia, wakichunguza matumbawe mchana na usiku. Mtaalamu wa Japani, Siro Kawaguti, aliyefanya kazi katika visiwa vya Palau, naye alichunguza mimea midogo mno ikaayo ndani ya mwili wa tumbawe. Mimea hiyo hupata nguvu kwa nuru ya jua, kama majani ya shamba, kisha humgawia mwenyeji wake chakula. Mwaka 1959 Thomas Goreau, aliyefanya kazi Jamaika, alionyesha kwamba tumbawe hujenga jiwe lake upesi zaidi penye nuru kuliko gizani.

Basi sababu moja ya vifo vile ilijulikana. Ukimweka mnyama huyo mahali pa giza, unamnyima shamba lake.

Siri ya pili: mawe yenye uhai

Wakati ule wafugaji wengi waliogopa uchafu. Mawe waliyoyatia katika chombo waliyaosha kwa dawa hata yakawa meupe pe! Huko Jakarta, Indonesia, mtu mmoja jina lake Lee Chin Eng alifanya kinyume. Alichukua mawe baharini pamoja na vyote vilivyoshikamana nayo, akayatia katika chombo penye mwanga wa jua, akapitisha mapovu ya hewa kidogo, basi. Mwaka 1961 alieleza njia yake katika gazeti moja la Marekani. Wanyama wake waliishi vizuri.

Sababu yake ni hii: ndani ya mawe hayo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hugeuza sumu itokayo katika kinyesi cha samaki isiwe na madhara makubwa. Wale waliosafisha mno walikuwa wakiwaua watumishi wao wenyewe.

Siri ya tatu: chokaa

Lakini Lee alikaa katika nchi ya jua, tena karibu na bahari. Mtu wa Ulaya, mwenye jua haba, afanyeje? Zaidi ya hayo, lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 400 hivi za kalsiamu, ndiyo asili ya chokaa. Baharini haipungui, katika chombo kilichofungwa matumbawe huimaliza, kisha ujenzi husimama.

Mwaka 1973 Peter Wilkens alitoa kitabu kwa Kijerumani juu ya kufuga wanyama hao, naye alifundisha kutia maji ya chokaa. Kule Berlin wafugaji waliunganisha mafundisho yote: mawe yenye uhai, taa kali, maji ya chokaa, na chombo chenye kutoa uchafu kwa povu. Mmoja wao, Dietrich Stüber, alifanikiwa kukuza matumbawe ya matawi. Alivunja vipande, akawapa wenzake. Nao wakavunja, wakawapa wengine. Mwaka 1989 jumba la bahari la Monako nalo liliweka matumbawe yaliyotoka Jibuti, kwa njia ya mtaalamu Jean Jaubert.

Mihogo na mbegu

Sisi twaelewa upesi jambo hilo la vipande, kwa maana ndivyo tupandavyo mihogo. Twakata kijiti, twapanda, chaota. Lakini twajua pia hasara yake: vijiti vya shina moja ni mwili mmoja, na ugonjwa uwezao kuliua shina waweza kuviua vyote. Ili kupata watoto wa namna mbalimbali, matumbawe lazima yazae.

Nayo huzaa kwa shida. Aina nyingi hutoa mayai mara moja tu kwa mwaka, zikifuata joto la maji, urefu wa mchana na mwezi mpevu. Huko London, katika jumba la Horniman, Jamie Craggs na wenzake walitengeneza taa za kuiga jua na mwezi, wakabadilisha joto la maji mwezi baada ya mwezi kama baharini. Matumbawe yakazaa ndani ya nyumba, nao wakaitangaza njia yao mwaka 2017. Mwezi Agosti 2019, akwariamu ya Florida, kwa msaada wao, ilizalisha tumbawe-nguzo, ambalo ugonjwa ulikuwa karibu kulimaliza baharini kule.

Ghala ya mbegu

Mwaka 2023 bahari ya Florida ilipata joto kali mno. Watu walikimbiza matumbawe kutoka vitalu vya baharini mpaka vyombo vya nchi kavu. Mwaka 2025 wataalamu walitangaza kwamba aina mbili za matumbawe ya matawi, zilizokuwa wajenzi wakuu wa miamba ya kule, zimebaki chache mno hata haziwezi tena kazi hiyo.

Wazee husema: akiba haiozi. Lakini akiba hii yaweza kuoza, umeme ukikatika usiku mmoja. Tena ghala si shamba. Mwenye mbegu lazima awe na udongo wa kuipandia, na udongo wa matumbawe ni bahari isiyochemka. Wafugaji wamefanya sehemu yao: wameihifadhi mbegu. Kuipoza bahari si kazi yao peke yao.