Nilikosea karne tu

Shule ya msingi nilisoma Kilosa. Mwalimu wetu alifundisha kusoma kwa kugonga meza: ba, be, bi, bo, bu. Kila silabi na irabu yake, hakuna herufi iliyokaa bure. Ukishazijua hizo, unasoma chochote, hata maandishi ya mabehewa pale stesheni.

Sekondari nikaenda Mikumi. Wiki ya kwanza nikasimamishwa nisome Kiingereza. Nikakutana na neno name, nikalikata nilivyozoea: na-me. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Kuanzia siku hiyo wenzangu waliniita Na-me, na mimi sikunyoosha tena mkono darasani.

Jamani, ilinichukua miaka kujua kwamba nilikosea karne tu.

Enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki 1400, Waingereza wenyewe walilitamka neno hilo kwa silabi mbili, ile e ya mwisho ikisikika na a ikikaribia yetu. K ya knife nayo ilitamkwa. Kisha irabu za mwisho zikadondoka, nyingine zikahama. Mwaka 1476 William Caxton akafungua kiwanda cha uchapaji Westminster, na taratibu tahajia ikaganda. Vinywa havikuganda. Ndiyo maana Wednesday inaandikwa kwa d ambayo wengi hawaitamki.

Sisi herufi za Kilatini tumezipata juzi tu. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuta maandishi bado yako karibu na mdomo. Neno la kigeni likiingia, tunalikata upya: station ya silabi mbili imekuwa ste-she-ni, tatu. School ya silabi moja, Zanzibar ni sku-li. Huku bara tunasema shule, neno la Wajerumani, walewale waliopitisha reli Kilosa.

Juzi mtoto wa kaka yangu alinisomea daftari lake: ti-me. Dada yake akacheka. Nikamwambia, "Umesoma vizuri baba, ila Waingereza wenyewe wameacha kusema hivyo. Siku hizi wanasema taimu, halafu u ya mwisho wanaimeza."

Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa mbona hawajaifuta?"

Swali hilo ndilo nililopaswa kuuliza mimi, kule Mikumi.