Wanafunzi Wanaowasahihisha Maprofesa

Jarida la Harvard Law Review lilitoka kwa mara ya kwanza Aprili 1887, likihaririwa na wanafunzi wa sheria. Mpaka leo ni wao. Profesa mwenye jina kubwa hupeleka makala yake kwa vijana ambao bado hawajawa mawakili, na wao ndio huamua.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mhariri mchanga hufuatilia rejeo moja baada ya jingine: anaifungua kesi, anatafuta ukurasa, analinganisha nukuu neno kwa neno, mpaka mkato. Mwaka 1926 kanuni za kunukuu ziliwekwa katika kijitabu cha kurasa 26, Bluebook. Siku hizi kimenenepa hadi mamia ya kurasa, na wanaokilalamikia hawahesabiki.

Jarida lenyewe limezaa matunda. Makala ya Samuel Warren na Louis Brandeis kuhusu haki ya faragha, iliyochapwa humo mwaka 1890, bado inanukuliwa mahakamani.

Februari 1990 wahariri walimchagua Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, kuwa rais wa jarida: Mmarekani mweusi wa kwanza katika kiti hicho. Magazeti yaliivalia njuga habari hiyo, naye akapata mkataba wa kuandika kitabu, kilichotoka mwaka 1995.